Usichomoe Sindano ya Kiporo

Neema mwanangu, Jumamosi iliyopita nilikufokea mbele ya wenzako. Ulikuwa umechomoa sindano kwenye sweta ya mdogo wako ili uanze shali ya rangi ya machungwa. Vile vitanzi ukavihamishia kwenye kipande cha uzi, ukaniambia, "Bibi, hii nitairudia kesho." Nikapiga kelele mpaka kuku wakakimbia uani. Wenzako wakacheka, wakadhani bibi Fausta sasa kichwa kimechoka.

Ule ulikuwa woga, mjukuu wangu. Nikiona mtu anachomoa sindano kwenye kazi ambayo haijaisha, napiga kelele kabla sijafikiri, mpaka leo. Na kwa kuwa nyinyi nyote mnaokuja barazani kwangu hapa Dongobesh kila Jumamosi mmeshaziona zile salfeti tatu zilizojaa viporo vya kufuma chini ya kitanda changu, na mmeshazicheka, acha niwaambie kilichonipata. Endeleeni kufuma huku mnasikiliza. Mikono haina masikio.

Nimefuma sweta za shule tangu nikiwa msichana hadi macho yaliponikataa. Huku kwetu baridi haina utani. Mwezi wa sita mtoto anatoka nyumbani asubuhi mdomo unatoa moshi, utadhani ameficha jiko kifuani. Kabla sweta za kiwandani hazijaanza kuletwa kwa marobota, mzazi alikuja na mtoto wake, nikampima kwa kamba, fundo la kwanza kifua, fundo la pili mkono, nikaitundika ile kamba ukutani na jina lake. Ukuta wangu ulikuwa na kamba nyingi kuliko zizi la ng'ombe.

Aliyenifundisha ni Mama Safari, kule Mbulu mjini, jikoni kwake. Mwanamke mnene, mpole kwa sura, lakini ukikosea alikugonga vidole kwa sindano bila kuacha kuongea na mgeni. Sindano zenyewe zilikuwa spoku za baiskeli tulizozinoa kwenye jiwe. Nilikuwa na jozi moja tu, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia, maana mwenye jozi moja akitaka kuanza kitu kipya lazima akivue nguo kile cha zamani.

Mama Safari alikuwa na mambo yake. Alisema nunua uzi wote kwa mara moja, maana bluu ya leo si bluu ya mwezi ujao, hata kama muuzaji anaapa kwa mama yake. Alisema anza na mkono. "Mwili wa sweta kila mtu anaupenda, ni mpana, unaonekana. Mkono unachosha. Ukiuacha uwe wa mwisho, hutaumaliza. Fuma mkono, ushone ubavu wake hapohapo uwe bomba, ndipo uende kwingine." Mimi nikashika nusu ya somo. Nilianza na mkono, kweli. Nikauona mzuri, nikafurahi, halafu nikaona uzi mwingine mnadani. Ndiyo maana ndani ya salfeti zangu kuna mikono mingi ya watu wasio na miili.

Mume wangu, mzee Bura, Mungu amlaze pema, alikuwa akiniambia, "Mama Basilisa, nyumba hii ina soksi kumi na nne na wote ni wajane." Tulicheka. Ningefanyaje? Siku ya mnada najiambia nakwenda kununua chumvi na vitunguu tu. Napita pale kwa wauza nyuzi nimeinamisha kichwa kama mtu anayempita aliyemkopesha. Halafu jicho linaibia. Kuna kijani, kijani ya mahindi yakiwa bado madogo, hujapata kuiona! Moyo unaniambia, hii ingekuwa kofia. Narudi nyumbani na kijani, chumvi nimesahau. Mshika mawili moja humponyoka, nilikuwa nayajua maneno hayo tangu shule, na nilikuwa nashika saba.

Sasa sikilizeni sheria nyingine ya Mama Safari. Hiyo hakuitunga yeye, akina mama wengi wa umri wake waliishika. Nguo ya mtoto ambaye hajazaliwa haimalizwi. Fuma yote, lakini mstari wa mwisho acha vitanzi vikiwa wazi kwenye sindano. Mtoto akishalia, ndipo unafunga. Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama, akasema, "Wewe shali yako ya uchanga ilifungwa lini?" Nikasema sijui. "Basi kama hujui na uko hai, kaa kimya ufume."

Ile sheria niliipenda kuliko zote, na sababu yake inanitia aibu. Ilikuwa inaniruhusu kuacha kitu bila kukimaliza, na watu wakaniita mwenye adabu.

Binti yangu Basilisa aliolewa Mogitu, kule Hanang, kwa wakulima, watu wema. Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikafika miezi sita, ikatoka. Sitaeleza sana. Mara ile ya pili nilikuwa nimemfumia mtoto kofia, na nilikuwa nimeimaliza, nimeifunga kabisa, hata kishada nimeweka juu, kwa furaha tu, nikasahau sheria. Alipopoteza yule mtoto, niliitazama ile kofia nikahisi nimemuua kwa mkono wangu. Padri aliniambia ni dhambi kufikiri hivyo. Nilimwitikia. Lakini ninyi bado wadogo, hamjui jinsi wazo linavyokaa ndani ya mtu hata akishaitikia.

Mimba ya tatu ilipofika miezi mitano, daktari akasema Basilisa asikae mbali na hospitali. Akaja kukaa kwa mdogo wangu, Mbulu mjini. Siku moja akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo wa tumboni anasemaje?"

"Anapiga mateke. Mama, kliniki wamenipa orodha ya vitu vya kujiandaa. Khanga nne ninazo. Vingine mume wangu ananunua. Nimebakiza shali na kofia." Akaongeza, "Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Usiniletee kiporo. Hii moja, imalize."

Nikamwambia, "Lakini unajua wazee walivyosema."

"Najua walivyosema. Nesi naye amesema mtoto akija kabla ya siku zake atahitaji joto saa hiyohiyo. Imalize mama, niikunje niiweke kwenye begi, nilale usingizi."

Nikasema nitaimaliza. Nikanunua uzi mweupe, laini, nikaanza. Wiki tatu nilifuma ile shali kama sijawahi kufuma, na nilikuwa naogopa kila mstari. Naogopa kuimaliza kwa sababu ya ile kofia yenye kishada. Naogopa kutoimaliza kwa sababu ya nesi. Nikafika mstari wa mwisho. Vitanzi mia na kitu vimekaa kwenye sindano vinanitazama. Kazi ya nusu saa. Nikasema, nitafunga kesho.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada.

Msinicheke. Kulikuwa na uzi wa zambarau. Kule mbele kulikuwa na kipaimara cha binti wa jirani, nikamwona kwenye macho yangu amevaa kizibao cha zambarau. Nikafika nyumbani, sindano za ukubwa ule ni zile zile zilizoko kwenye shali. Nikajiambia, shali si haifungwi mpaka mtoto alie? Basi haihitaji sindano kwa sasa. Nikachomoa. Vitanzi nikavipitishia kipande cha uzi, sikufunga hata fundo mwisho wake, nikaitupia kwenye salfeti. Kofia nilikuwa sijaianza. Miezi miwili bado ipo, nilisema. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanangu, na tumbo lililoumia halikuwa langu.

Ilikuwa wiki ya Pasaka, mvua na ukungu. Nimeamka nakamua ng'ombe, simu ikalia. Mdogo wangu hakusalimia. Alisema, "Dada, Basilisa amejifungua. Mtoto ni wa miezi saba. Yuko hai. Leta vile vitu."

Ndoo ya maziwa sikujua niliiweka wapi. Yesu na Maria! Nilivuta salfeti ile ya juu, nzima kama ilivyo, kwa sababu sikuwa na akili ya kuchagua. Basi la asubuhi lilikuwa limeshaondoka. Nikasimamisha bodaboda, kijana wa watu akaniambia, "Shikamoo mama, barabara ni utelezi, tutakwenda polepole." Nikamwambia mjukuu wangu hana polepole.

Nilikaa nyuma nimeikumbatia salfeti. Nikaitoa shali nusu ili nione kama naweza kuifunga kwa vidole humo njiani, wazimu tu. Hatujapita hata maduka ya mwisho, yule kijana anatazama kwenye kioo chake anasema, "Mama, kuna kitu kinatufuata."

Nikageuka. Uzi mweupe umelala barabarani, mrefu, kwenye matope, unatoka kwangu. Ncha yake ilikuwa imenaswa mahali, na kile kipande cha uzi kisicho na fundo kilikuwa kimeponyoka, vitanzi vinafumuka kimoja kimoja. Nilihisi vinavyotoka mikononi mwangu, tap, tap, tap. Nikapiga kelele, "Simama!" Pikipiki ikayumba, tukasimama kwenye mtaro. Uzi ulikuwa umejizungusha kwenye gurudumu la nyuma. Yule kijana akatoa wembe akaukata, akasema, "Pole mama." Mimi nimesimama kwenye mvua na nusu shali, na wazo moja tu kichwani, kwamba mtoto anafumuka hivyohivyo huko aliko, na mimi ndiye niliyechomoa sindano.

Njia nzima iliyobaki nilisali sala moja, na wala haikuwa ya kanisani. Nilisema, usimfumue, usimfumue. Vidole vyangu vimevibana vile vitanzi vilivyosalia mpaka vikafa ganzi.

Wodini nilimkuta Basilisa amelala, kifua wazi, mtoto amewekwa ngozi kwa ngozi katikati ya maziwa yake na khanga imefungwa juu. Mtoto mwenyewe! Mkono wake ulikuwa mdogo kuliko kidole changu gumba. Kichwa kiko nje, kimelowa bado, chekundu. Nesi, mama mmoja wa makamo, akaniuliza bila kupoteza muda, "Bibi, kofia iko wapi? Huyu joto lake lote linatokea kichwani."

Nikaimwaga salfeti sakafuni.

Mngekiona kile kilichomwagika. Soksi moja ya njano. Kola. Kofia ya kijani isiyo na utosi. Kizibao cha zambarau, kimefika upana wa vidole vinne tu, na ile sindano imo ndani. Mgongo wa sweta. Akina mama wa vitanda vingine wananyoosha shingo. Nesi anatazama, hacheki. Basilisa alitazama pia, halafu akageuza uso ukutani akasema taratibu, "Mama, nilikuomba kitu kimoja."

Nimefiwa na wazazi, nimefiwa na mume. Maneno yaliyoniuma kuliko yote ni hayo.

Nesi alipiga magoti. Akapekua, akainua mkono wa sweta ya shule, wa bluu, umeshashonwa ubavu. Ulikuwa wa mtoto wa darasa la kwanza, baba yake alihamishwa kikazi kabla sijaimaliza, nikaiacha. Akaupima kwa jicho kwenye kichwa cha mtoto. "Huu ni msafi?" Nikasema uko tangu zamani kwenye mfuko wake, haujavaliwa. "Funga hapa katikati. Haraka." Nikakata uzi mweupe wa ile shali, nikaufunga ule mkono katikati, fundo mara tatu, kwa nguvu zangu zote, maana nilikuwa nimejifunza habari za mafundo asubuhi ileile. Nesi akamvika. Upande wa begani ukaingia kichwani sawasawa, akakunja ukingo juu ya nyusi. Upande wa kiganja ukabaki unaning'inia nyuma kama mkia.

Wiki tano alikaa nao. Wiki tano sikuingia nyumbani kwangu. Nilikaa pale nje ya wodi, nikiingia kila waliponiruhusu, na kila nilipoingia nilitazama fundo kwanza kabla ya uso. Liko? Liko. Nesi anasema mtoto ameongezeka kidogo, mimi natazama fundo. Niliogopa kugusa uzi wowote. Mwanamke mmoja alinipa sindano anipoteze mawazo, nikamrudishia. Usiku na mchana nilikuwa najiuliza lipi lilikuwa kosa, kutoifunga shali au kuifunga ile kofia ya kwanza, na mpaka leo najiuliza. Ninachojua ni kwamba mtoto wa watu alihitaji joto asubuhi, na mimi nilikuwa na zambarau.

Akapona. Tukambatiza Paskalina. Wengi wenu mnamjua, ni yule anayewachungulia mlangoni kwa sababu bibi ana wageni.

Ningependa kuwaambia kwamba tangu siku ile sijaanza kitu kipya kabla ya kumaliza cha zamani. Uongo! Zile salfeti mmeziona. Mtu hapati tabia mpya kama anavyopata ndui. Lakini sijawahi tena kuchomoa sindano. Nikitaka kuanza kitu, nanunua sindano nyingine au naketi juu ya mikono yangu.

Ule mkono wa bluu Basilisa aliuweka kwenye kopo la maziwa, na fundo lake. Miaka imepita. Krismasi hii amekuja kutoka Mogitu na Paskalina, na kopo. Mtoto anaanza darasa la kwanza huku kwangu. Akaniwekea kopo mapajani. "Mama, sweta yake ya shule iko kwenye salfeti. Mimi nimeshaona, mgongo upo, kifua kipo. Huu ndio mkono wake. Ifunge sasa."

"Nitafuma nyingine mpya," nikasema. Nilisema haraka sana.

"Hapana. Hiyohiyo."

"Basilisa, fundo lile siligusi."

"Kwa nini?"

Nikamwambia kwa nini. Kwamba nikilifungua naogopa. Kwamba miaka yote hii nimeamini, ndani kabisa ambako padri hafiki, kwamba ni lile fundo lililomshika mtoto hapa duniani. Basilisa hakunicheka. Alisema, "Na mimi niliamini hivyo. Ndiyo maana nilificha kopo. Lakini mama, kichwa chake hakiingii tena humo, na huko nje kuna baridi."

Nilifuma mkono wa pili kwa kupapasa, maana macho ni haya. Bluu yake imekuwa nyeusi kidogo, Mama Safari angenigonga vidole. Nikaunganisha kifua na mgongo. Jumapili iliyopita, kabla ya shule kufunguliwa, nikamsimamisha Paskalina hapa barazani, nikakaa na kopo. Lile fundo lilikuwa limekaza kama jiwe, ilibidi nitumie ncha ya sindano. La kwanza likalegea. La pili. La tatu nikasimama, nikamtazama mtoto, anajikuna goti. Nikavuta. Uzi ukatoka, umekuwa wa manjano, na kwenye sufu ikabaki alama, mfinyo mmoja katikati ya mkono ambao hautaondoka hata ukifuliwa.

Nikaushona begani. Nilirudia mara mbili. Halafu nikamvalisha. Kichwa kikapita. Mkono ule mpya ukapita upesi. Ule wa zamani akaingiza, ukafika kwenye mfinyo, ukakwama.

"Bibi, umenibana."

Basilisa amesimama mlangoni, ameshika mdomo.

"Sukuma taratibu," nikasema.

Akasukuma. Ncha ya kidole ikatokea kwenye ribu, lile pindo la kiganjani, ikafuata ya pili, kikatoka kiganja kizima, kikubwa, kina wino wa kalamu na tope chini ya kucha. Akakikunja, akakikunjua mbele ya uso wangu, akauliza kama sasa anaweza kwenda kucheza.

Neema mwanangu, sindano iko pale juu ya meza. Irudishe kwenye sweta ya mdogo wako, kitanzi kwa kitanzi, mimi nitakushikia.